FARASI, MNYAMA MKUBWA MWENYE WOGA

Wengi wenu hamjamwona farasi ila katika picha. Mmemwona katika picha ya Mtakatifu Martino, anapokata vazi lake kwa upanga apate kumpa maskini nusu yake. Labda mmemwona pia katika picha ya Mtakatifu Paulo, anapoanguka njiani kwenda Damasko. Lakini hapo wachoraji wameongeza jambo la kwao. Fungueni kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9: mtasoma habari za nuru na za sauti, lakini farasi hamtamkuta.

Juu ya nini farasi ni wachache hivi katika nchi yetu? Si kwamba babu zetu hawakuwa na akili ya kufuga. Adui wa farasi ni mbung'o. Mbung'o akimwuma, humtia vijidudu katika damu. Farasi hukonda, hupungukiwa damu, huvimba miguu na tumbo, na mara nyingi hufa. Ugonjwa huo huitwa nagana. Tena kuna tauni ya farasi, inayoletwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu. Kwa hiyo katika Kongo utaona farasi wachache tu, kama vile Lubumbashi na Kinshasa, wakitunzwa kwa gharama nyingi. Katika nchi za Afrika zenye milima mirefu na baridi mambo ni mengine. Ethiopia wako farasi wengi sana, na huko Lesotho kijana mchunga kondoo hupanda farasi wake kama sisi tunavyopanda baiskeli.

Mimi nilikulia katika vilima vya Masisi, nikachunga ng'ombe wa baba yangu. Nilipokuwa seminari kubwa, wakubwa wangu walinituma Ubelgiji mwaka mmoja, nikakaa katika nyumba ya watawa kando ya misitu ya Ardennes. Huko mpaka leo wako watu wanaovuta magogo kwa farasi. Trakta ni nzito, huponda udongo na kuvunja miti michanga. Farasi hupita katikati ya miti, akatoka na gogo lake, na msitu hauumii. Farasi wa Ardennes ana miguu mifupi minene na kifua kama mlango. Uzito wake ni kilo 700 mpaka 1000. Pimeni wenyewe: ni watu wazima zaidi ya kumi.

Katika nyumba ile mlikuwa na mzee mmoja aliyetunza farasi watatu. Siku yangu ya kwanza niliingia zizini peke yangu, maana nilijisemea: Mimi ni mtoto wa ng'ombe, nani atanifundisha wanyama? Nikapita nyuma ya farasi jike mwekundu, jina lake Bella, kwa hatua moja na nusu hivi. Mzee alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayesali:

— Frateri, simama. Sasa rudi kwa njia uliyojia, polepole.

Nilirudi. Nikamwuliza nimekosa nini. Akaniuliza naye:

— Ng'ombe wa kwenu hupigaje teke?

Nikamwonyesha: ng'ombe huleta mguu mbele kidogo, kisha huutupa kwa upande. Ndiyo sababu sisi wachungaji huogopa ubavu wa ng'ombe, lakini nyuma hatuogopi sana.

— Basi, farasi hutupa miguu yake nyuma, sawasawa na mshale, akasema mzee. Nawe ulikuwa mahali penyewe. Ungekuwa karibu sana, umegusa paja lake kwa mkono, angekusukuma tu. Ungekuwa metri nne mbali, asingekufikia. Lakini pale ulipopita, ndipo kwato hufika na nguvu zake zote.

Halafu akanieleza habari za macho, nami nataka mzishike vema, maana mambo mengi ya farasi hutoka hapo.

Tazameni macho ya mtu: yote mawili huangalia mbele. Macho ya simba ni vivyo hivyo, kwa sababu simba hutafuta nyama mbele yake. Lakini farasi ni mnyama anayeliwa. Mungu amemwekea macho makubwa kandokando ya kichwa. Akila majani, kichwa chini, anaona mbele, kushoto, kuume, na karibu nyuma yote. Mahali asipoona ni pawili tu: nyuma kabisa ya mkia wake, na mbele kabisa ya paji la uso, pamoja na chini ya pua yake. Ukitokea katika mahali hapo pawili bila kusema neno, kwake hukutembea ukaja. Umetokea ghafula, kama chui aliyeruka kutoka mtini.

Na farasi akiona kitu asichokijua, afanye nini? Hana pembe. Hana makucha. Silaha yake ni miguu. Kwanza atakimbia, halafu ndipo atageuka kutazama ni kitu gani. Akiwa amefungwa, au yuko pembeni mwa zizi asiweze kukimbia, ndipo atapiga teke au kuuma. Watu husema farasi fulani ni mbaya. Wako wachache walioharibiwa na watu. Lakini farasi wengi waliovunja mguu wa mtu walikuwa wanaogopa tu.

Kwa hiyo, kumjia farasi kuna namna yake. Usimjie mbele ya uso wala nyuma. Mjie kwa bega, na afadhali bega la kushoto, kwa kuwa ndiko watu walikomzoeza. Sema naye ukiwa bado mbali. Si lazima maneno ya maana, sauti tu. Tazama masikio yake. Sikio moja likikugeukia, amekusikia. Yakilala nyuma yote mawili, yamebanana na shingo, usiendelee. Amekasirika au ana maumivu. Ukifika, usimpige-pige usoni kama watoto wanavyofanya kwa mbwa. Weka mkono begani au shingoni, umpapase. Ukitaka kumpa karoti, nyoosha kiganja, vidole pamoja, kama sahani. Farasi haoni kilicho chini ya pua yake, hutafuta kwa midomo, na kidole hufanana sana na karoti.

Mambo hayo yote nilifundishwa katika juma la kwanza. Nikayajua. Hata hivyo, katika juma la nne nilipatwa na jambo, nami ninawaandikia ili yasiwapate ninyi.

Nilikuwa nikimpeleka Bella kunywa maji. Alikuwa mpole, anajua njia kuliko mimi. Kule kwetu, tukimpeleka fahali sokoni, tunazungusha kamba mkononi mara mbili au tatu ili isiponyoke. Nikafanya vivyo hivyo. Kulikuwa upepo. Mfuko mmoja mweupe wa plastiki uliokuwa umenaswa katika seng'enge ukajaa upepo na kupiga kelele. Bella akaruka upande, akaenda. Kamba ikakaza mkononi mwangu kama kitanzi cha mtego. Nilivutwa hatua kama ishirini, kisha kamba ikachomoka, na ncha ya kidole changu cha kati, mkono wa kushoto, ikaenda nayo. Watoto wa darasa la kwanza hupenda kuniuliza kidole kimeenda wapi. Ninawajibu: Kamba.

Bella alisimama mbele kidogo, akitetemeka mwili mzima, jasho likimtoka. Mzee alifunga mkono wangu kwa kitambaa, akamwendea farasi, akampapasa shingo. Nilikuwa na hasira. Nikasema kwamba anastahili fimbo. Mzee akanijibu: — Utampigia nini? Kwa kuogopa, au kwa kamba uliyoifunga wewe?

Basi sikieni. Kamba ya farasi, au ya ng'ombe, au ya mbuzi, haizungushwi mkononi hata mara moja, wala kiunoni, wala shingoni mwa mtoto. Ile sehemu inayobaki hukunjwa mara kadhaa, ikalazwa katika kiganja, na vidole huishika kwa nje. Mnyama akivuta, makunjo hutoka moja moja, nawe waweza kuachilia. Farasi akikimbia, atapatikana. Tena ukimfunga penye mti, fungia juu, kadiri ya urefu wa kifua chake au zaidi, asije akatia mguu ndani ya kamba. Na fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta ncha moja.

Jambo la hasira ni la zamani sana. Mgriki mmoja, jina lake Xenophon, aliyekuwa askari, aliandika kitabu juu ya farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Alifundisha kwamba usimguse farasi ukiwa na hasira, maana hasira haitazami mbele, na mara nyingi hufanya jambo la kujutiwa. Nimesoma kitabu hicho baada ya kupoteza ncha ya kidole. Ingefaa ningekisoma kabla.

Na kuna hadithi ya karne ile ile, aliyoiandika Plutarch. Mfalme Philip wa Makedonia aliletewa farasi mmoja mzuri, jina lake Bucephalus, lakini hakuna mtu aliyeweza kumpanda. Alimrukia kila aliyemkaribia. Mfalme akaamuru aondolewe. Mwanawe Alexander, aliyekuwa bado kijana, akaomba ajaribu. Yeye alikuwa amesimama kando akitazama, akaona kitu ambacho wakubwa hawakukiona: farasi aliogopa kivuli chake mwenyewe kilichochezacheza chini mbele yake. Alexander akamshika hatamu, akamgeuza kuelekea jua. Kivuli kikaenda nyuma. Akampapasa mpaka akatulia, akampanda. Baadaye farasi huyo alimchukua Alexander vitani mpaka India. Sijui kama mambo yote ya hadithi yalikuwa hivyo hasa, maana Plutarch aliandika miaka mia nne na zaidi baadaye. Lakini mzee wa Ardennes, ambaye hakusoma Plutarch, alinifundisha jambo lile lile: kwanza tafuta anachoogopa.

Sasa tuseme habari za kumfundisha farasi mchanga. Mtoto wa farasi husimama kwa miguu yake katika saa moja au mbili baada ya kuzaliwa. Mfugaji mwenye akili huanza mapema kumzoeza mkono wa mtu: humpapasa shingo, mgongo, tumbo, halafu miguu. Humwinua mguu mmoja kidogo, humrudishia. Kazi hii haina haraka. Baadaye humvika kamba ya kichwani.

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote, nami nitakaa hapo kidogo. Ukivuta kamba, farasi mchanga hurudi nyuma. Ukivuta zaidi, yeye naye huvuta zaidi, na katika shindano hilo huwezi kushinda, maana ana kilo mara nane zako. Mzee alifanya hivi: alikaza kamba kidogo tu, akangoja. Hakuongeza, hakupunguza. Farasi alitupa kichwa kushoto, akatupa kuume. Mzee akangoja. Mwisho farasi akachoka, akaegemea mbele kwa kadiri ya kidole kimoja, hata hakuinua mguu. Papo hapo mzee akalegeza kamba. Akamwacha apumue. Kisha akaanza tena. Mara ya pili farasi aliinua mguu, kamba ikalegea. Mara ya kumi alitembea. Mumeelewa? Kukazwa kwa kamba hakumfundishi farasi neno. Kunamwuliza tu. Kinachomfundisha ni kulegezwa, tena kulegezwa wakati ule ule anapojibu vizuri. Ukichelewa kulegeza, umemfundisha kwamba hakuna faida ya kutii. Na ukilegeza wakati anaporuka na kupiga teke, basi umemfundisha kupiga teke.

Hivyo hivyo kwa vitu vya kutisha. Mzee alichukua gunia tupu, akasimama nalo mbali, akalitikisa polepole. Farasi akilitazama bila kuondoka, gunia likashushwa. Kesho yake akasogea hatua moja. Baada ya siku nyingi gunia liligusa bega, likagusa mgongo, likalala mgongoni. Halafu tandiko, bila mtu. Halafu mtu anaegemea tu. Kumpanda hasa, watu wengi hungoja mpaka farasi ana miaka 3 au 4, na mifupa ya mgongo hukua hata baada ya hapo. Anayempakia mizigo mizito akiwa mdogo atapata farasi mzee kabla ya wakati.

Farasi hutusoma sisi kuliko tunavyomsoma. Mwaka 1904, mjini Berlin, mwalimu mmoja mzee wa hesabu, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi jina lake Hans. Aliulizwa: Tatu na nne ni ngapi? Hans aligonga kwato chini mara saba. Wakaja wataalamu, wakachunguza, wasione udanganyifu. Na kweli mwalimu hakudanganya. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alieleza jambo. Kama mwenye kuuliza hakujua jibu mwenyewe, Hans alikosa. Kama Hans hakuweza kumwona mwenye kuuliza, alikosa. Farasi hakujua hesabu. Aliona tu kwamba hesabu ikifika, mtu huinua kichwa kidogo, kadiri ambayo mtu mwenyewe hajui ameinua. Basi, kama farasi aweza kuona jambo dogo hivyo, atashindwaje kuona kwamba unaogopa, au kwamba umekasirika na unajifanya mpole? Huwezi kumdanganya kwa uso. Afadhali utoke zizini, utembee, unywe maji, urudi.

Kuhusu kupanda nitasema kwa ufupi, maana hilo halisomwi katika kitabu. Vaa kofia ngumu iliyofungwa chini ya kidevu. Wapandaji hodari wameumia kichwa kwa farasi wapole. Vaa kiatu chenye kisigino, kisicho kikubwa mno. Kikuku ni kile chuma unachotia mguu: mguu usio na kisigino waweza kupenya wote, na ukianguka utaburutwa. Kabla ya kupanda, kaza mkanda wa tumbo unaoshika tandiko, mtembeze farasi kidogo, kaza tena, maana farasi wengi hujaza pumzi mara ya kwanza, halafu tandiko hulegea. Panda kwa upande wa kushoto. Ukikaa, shusha visigino, inua kichwa, tazama unakokwenda. Hatamu zishikwe kama unavyoshika kifaranga, asiponyoke wala asife. Lijamu ni kipande cha chuma kinachokaa mdomoni, penye ufizi usio na meno. Kila ukivuta hatamu kwa nguvu, chuma hicho kinapiga nyama laini. Usijishike kwa hatamu usianguke. Shika singa za shingo. Hazimwumizi sana, tena hazikatiki upesi.

Farasi ana tumbo dogo kwa mwili wake, na hawezi kutapika. Kwa hiyo apewe chakula kidogo kidogo, mara nyingi, majani zaidi ya nafaka. Maji yawepo siku zote. Kwa siku aweza kunywa lita thelathini na kupita. Kwato zisafishwe kwa chuma kila siku, kabla na baada ya kazi, maana jiwe dogo moja humfanya achechemee. Farasi anayejigaragaza chini, anayegeuka kutazama ubavu wake na kukataa kula, ana ugonjwa wa tumbo. Mwite mganga wa wanyama mara moja, usingoje kesho.

Juma langu la mwisho huko, mzee alinipa kamba ya Bella mkononi, tukaenda msituni. Tulifunga gogo la msonobari kwa mnyororo. Njiani tawi moja likavunjika nyuma yetu kwa kishindo. Bella akainua kichwa, masikio yakasimama, nami nikaona macho yake yakigeuka meupe pembeni. Kamba ilikuwa imekunjwa kiganjani. Sikuvuta. Nilisimama begani pake, nikatoa pumzi ndefu, nikalegeza mkono. Alingoja. Nami nilingoja. Kisha akashusha kichwa, akatoa hewa puani kwa nguvu, akaegemea mbele, na gogo likaanza kutembea.

MAULIZO

1. Farasi haoni mahali gani pawili? Chora kichwa chake na macho yake, uonyeshe.
2. Teke la ng'ombe na teke la farasi yanatofautianaje? Simama wapi kwa kila mmoja?
3. Juu ya nini mzee hakupiga kelele alipomwona mtu nyuma ya Bella?
4. Leta kamba ya metri tatu. Onyesha darasa namna ya kuikunja kiganjani, mwenzako akivuta itoke.
5. Nyumbani kwenu mbuzi au ng'ombe anakataa kupita mahali fulani. Kabla ya kuchukua fimbo, utatazama nini?